Kichocheo Kisichochochea

Umezuka mtindo miongoni mwa wapenzi wa Kiswahili wa kuunda istilahi za sayansi kwa kulitazama neno la Kiingereza na kulitafutia kisawe papo hapo. Mtindo huu una hatari, na utafiti wa mwanabiolojia Se-Jin Lee wa Marekani wadhihirisha hivyo.

Lee amejishughulisha na ukoo wa protini ambazo seli hutumia kupashana habari za ukuaji. Mfasiri mwenye pupa angeziita "vichocheo vya ukuaji". Hata hivyo, mwaka 1997, katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Lee na Alexandra McPherron walitangaza kwamba panya walioondolewa jeni ya protini ya 8 katika ukoo huo walikuwa na misuli mizito mara mbili hadi tatu kuliko ya panya wa kawaida. Kumbe kazi ya protini ile ni kuizuia misuli isikue kupita kiasi! Ndipo wakaiita miostatini. Mwaka uo huo ilibainika kwamba ng'ombe wa Ubelgiji wanaosifika kwa minofu tele wana kasoro katika jeni iyo hiyo.

Hali ni kinyume kwa ndugu yake, protini ya 9, ambayo Lee na McPherron waliieleza mwaka 1993. Hii hutengenezwa na yai ndani ya ovari. Mwaka 1996 watafiti wengine walionyesha kuwa panya jike wasio nayo huwa tasa, kwa kuwa vifuko vinavyolea mayai hukwama vingali vichanga.

Basi ndugu mmoja huzuia, mwingine huhimiza. "Kichocheo" chamfaa wa pili na kumsingizia wa kwanza. "Kizuizi" nacho chamdhulumu wa pili. "Kiratibu ukuaji" chawabeba wote, maana mratibu huamuru kwenda na huamuru kusimama.

Wapo watakaosema kwamba huku ni kupasua nywele. La hasha! Mgonjwa ambaye misuli yake inadhoofika akisoma kuwa wataalamu wanatafuta dawa ya kukizima "kichocheo cha ukuaji" mwilini mwake, ataikimbia dawa hiyo.

Asiyejua maana haambiwi maana. Vyama vya wanafunzi wa Kiswahili na viwaalike wanabiolojia kabla ya kupitisha istilahi, si baada yake. Kamusi huja mwisho. Kwanza ni kukielewa kinachopewa jina.