MASOMO NI YA BURE, LAKINI DAFTARI IKO WAPI?



Mmoja wetu alikwenda katika mkutano wa wazazi kwa nyumba ya masomo moja ya site. Jina la masomo yale tunaliacha, kwa sababu hatutaki kumharibia mtu kazi yake, na kwa sababu mambo yaliyoonekana pale yanaonekana pahali pengi. Katika kalasi ya tatu watoto walipita mia moja, na mwalimu alikuwa mmoja tu. Wengi walikaa chini. Baba mmoja, mtu wa kazi ya shimo, akasimama, akauliza kwa heshima: «Bwana direkta, Leta ilituma feza gani mwaka huu juu ya masomo haya, nayo ilifanya kazi gani?» Direkta akamjibu: «Baba, wewe hulipi kitu tena. Masomo ni ya bure. Unatafuta nini?» Watu wakacheka kidogo. Yule baba akakaa.

Sisi hatukucheka. Jibu lile ndilo tunalotaka kulisema leo, kwa maana likiingia katika vichwa vya wazazi wote, watoto wetu wamepotea. Eti mtu asiyetoa feza mlangoni hana ruhusa ya kuuliza. Tunasema hapana. Yule baba alikwisha kulipa. Ninyi wote mmekwisha kulipa.

Tukumbuke kwanza tulikotoka. Katika mwaka 1906 Leta Huru ya Kongo ilipatana na Roma, misioni zikapewa mashamba, nazo zikachukua kazi ya kufundisha. Mwaka ule ule Union Minière ilizaliwa. Nyuma yake kampuni ilijenga nyumba za masomo katika makambi yake, Mapadri na Masista wakafundisha watoto wa wafanyakazi. Wazee wetu walijifunza pale kusoma, kuandika na kuhesabu, lakini njia ilikuwa fupi: mtoto wa kambi alitayarishwa kuwa mtu wa kambi. Masomo ya Leta yasiyo ya misioni yalifunguliwa kwa watoto weusi katika 1954 tu. Uhuru ulipofika katika 1960, watu wa Kongo waliokuwa na diploma ya universite walikuwa wachache wa kuhesabika.

Nyuma ya uhuru, wazazi walifurahi kuona masomo yanaongezeka. Katika 1967 kampuni ikawa ya Leta, kisha ikaitwa Gécamines, na masomo yake yalikuwa yenye sifa. Katika 1974 Mobutu alizitwaa nyumba za masomo za makanisa. Katika 1977 akazirudisha kwa mapatano. Tangu siku ile makanisa yanaongoza masomo mengi, na Leta ndiyo inayopaswa kulipa walimu. Halafu feza ya inchi ikaanguka. Mshahara wa mwalimu haukutosha hata gunia la unga. Mwanzo wa miaka ya 1990 wazazi wakaanza kumlipa mwalimu wenyewe, ile iliyoitwa «prime». Ilisemwa kwamba ni msaada wa muda mfupi. Ilidumu miaka zaidi ya 25. Na katika Katanga ilitupiga mara mbili: Gécamines nayo ilianguka, na katika 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 walitoka kwa kazi yake. Watoto wangapi waliachishwa masomo miaka ile kwa kukosa prime? Hakuna nyumba ya wafanyakazi isiyojua mtoto mmoja hivi. Na mara nyingi, baba alipokuwa na feza ya mtoto mmoja tu, msichana ndiye aliyebaki nyumbani.

Kwa hiyo hatusemi mabaya juu ya masomo ya bure. Sheria kubwa ya inchi ya 2006, katika namba 43, inasema masomo ya primeri ni ya lazima, na ni ya bure katika nyumba za Leta. Neno hilo lilibaki katika karatasi mpaka Septemba 2019, wakati Prezidenti Tshisekedi alipoamuru lianze kutendeka. Mamilioni ya watoto wakaingia. Hilo ni jambo jema, nasi hatutaki kurudi nyuma. Mtu anayetuambia tuirudishe prime ili kalasi zipate nafasi, anataka kutoa nafasi kwa kumfukuza mtoto wa maskini.

Lakini angalieni jambo lililoondoka pamoja na prime. Zamani mzazi aliyelipa aliuliza. Alijua feza ni kiasi gani, alijua mwalimu alipata nini, na kama mwalimu hakufika, alikwenda mlangoni kwa direkta na risiti mkononi. Leo feza inatoka Kinshasa, njia yake ni ndefu, na hakuna anayeiona. Mwalimu wa mji aliyekuwa anapata prime ameipoteza. Mwalimu asiyekuwa na namba ya Leta anafundisha bila mshahara, akingoja namba ije. Ndiyo sababu walimu wamefunga kazi mara nyingi tangu 2019, na tena katika Septemba 2024. Tusiwaite wavivu. Mtu wa mgodi anajua vizuri maana ya kufanya kazi mwezi mzima bila kulipwa.

Na katika njia ile ndefu, wezi wako. Katika 2020 Benki ya Dunia ilikubali kutoa dola milioni 800 kusaidia masomo ya bure. Mwaka ule ule wakaguzi wa feza ya Leta walifungua karatasi za mishahara, wakakuta walimu wasiokuwako na nyumba za masomo zisizokuwako. Katika 2021 korti ya Kinshasa iliwahukumu wakubwa wa kazi ya masomo. Fikirini, ndugu: masomo ya uongo yalipokea mshahara, na mwalimu wa kweli wa site yetu hana namba. Kama kila nyumba ya masomo ingekuwa na wazazi wanaosoma hesabu kila mwaka, jina la uongo lingejificha wapi?

Sasa tuseme juu ya kulipa, maana hapa ndipo jibu la direkta linapovunjika. Shaba na kobalti zinatoka chini ya miguu yetu, kwa nguvu ya mikono yetu. Sheria ya migodi iliyotengenezwa upya katika Machi 2018 inaagiza kampuni kulipa haki ya Leta juu ya madini inayouza: kwa shaba 3.5 juu ya 100, na kwa kobalti, iliyowekwa mwishoni mwa 2018 katika hesabu ya madini makubwa, 10 juu ya 100. Tena sheria inaonyesha namna ya kugawa. Katika kila franka 100 za haki ile, 50 ni za Leta ya Kinshasa, 25 ni za provensi, 15 ni za mji, komini, sekta au sheferi ya pahali mgodi ulipo, na 10 ni akiba ya vizazi vijavyo. Zaidi ya hayo, kampuni inapaswa kutoa angalau franka 3 katika kila franka 1000 za mauzo yake kwa maendeleo ya wakaaji wa pale.

Someni tena hesabu ile, kisha muulize: zile 15 za komini yetu zilifika? Zilijenga kalasi ngapi? Sheria kubwa ya inchi, namba 204, inaweka masomo ya primeri na ya sekondari katika kazi za provensi, kwa kufuata kanuni za Leta ya juu. Basi gavana hawezi kutuambia kwamba masomo ni neno la Kinshasa tu. Na burgmestre hawezi kutuambia kwamba hana feza, kama karatasi za kampuni zinaonyesha kwamba alipokea. Hatusemi ameiba. Tunasema aonyeshe.

Ubaya wa masomo yetu ni huu: wenyewe ni wengi, na hakuna mmoja anayejibu. Nyumba ni ya kanisa. Mshahara ni wa Kinshasa. Inspekta ni wa ofisi ya masomo. Kiwanja kiko katika komini. Bati likitoboka, kanisa linaonyesha Leta, Leta inaonyesha provensi, provensi inaonyesha kampuni, kampuni inaonyesha kalasi mbili iliyopaka rangi mwaka jana na kupiga picha mbele yake. Na mvua inanyesha juu ya watoto.

Lakini kati ya hao wote sheria imeweka watu wengine: komite ya wazazi, na komite ya uongozi wa masomo, ambamo wazazi wana nafasi pamoja na direkta na walimu. Komite hizo ziko. Shida ni kwamba pahali pengi direkta ndiye anayechagua wazazi, anachagua rafiki zake, nao wanatia saini karatasi ambayo hawakuisoma. Kosa hilo si la direkta peke yake. Siku ya uchaguzi tulikuwa wapi?

Wengine watasema: «Waache, kusudi watoto wapite mitihani.» Tunawajibu: sertifika si kusoma. Katika 2022 Benki ya Dunia na UNICEF walionyesha kwamba katika Kongo watoto 97 juu ya 100, wenye miaka 10, hawawezi kusoma maneno machache mepesi na kuyafahamu. Kama mnafikiri hesabu ile ni ya watu wa mbali, fanyeni hivi usiku huu: mpe mtoto wako wa kalasi ya tano gazeti hili, asome mistari mitano, kisha akuambie kwa maneno yake mwenyewe yamesema nini. Ni Kiswahili, lugha ya nyumba yake. Sheria ya masomo ya 2014 nayo inataka lugha zetu zitumike katika kufundisha. Akishindwa, usimpige. Mtoto anayekaa chini kati ya watoto mia hakushindwa yeye.

Basi tufanye nini? Tunatoa mashauri manne.

Kwanza: mwanzo wa kila mwaka na mwisho wake, direkta abandike karatasi ukutani, pahali wote wanapoweza kuiona: hesabu ya watoto, majina ya walimu, wenye namba na wasio na namba, feza iliyoingia, feza iliyotoka. Karatasi moja inatosha.

Pili: komite ya wazazi ichaguliwe mbele ya watu, na wamama wawemo. Mama ndiye anayejua siku ambayo mtoto alirudi saa tatu kwa kuwa mwalimu hakufika.

Tatu: wajumbe wa komite za masomo ya komini moja waende pamoja kwa burgmestre, na kwa kampuni, kuuliza juu ya zile 15 na zile 3. Mtu mmoja atafukuzwa mlangoni. Komite kumi zitapewa viti. Ninyi wa migodi mnalijua neno hilo tangu zamani.

Nne: mtu akidai malipo ya siri kwa masomo ya primeri, aombwe karatasi yenye muhuri. Hana karatasi, hakuna malipo. Na mwalimu asiyelipwa, tumsaidie kwa kupigania namba yake kwa sauti, tusimwache aombe franka kwa watoto kwa siri.

Wazee wanasema: asiyeuliza hana ajifunzalo. Yule baba wa shimo aliuliza vizuri, na sisi tuliokuwa pale tulimwacha akae peke yake. Mkutano ujao asisimame peke yake. Direkta akisema tena kwamba masomo ni ya bure, mjibuni kwa upole: «Ndiyo, Bwana direkta, ni ya bure mlangoni, kwa sababu tulilipa shimoni. Tafadhali, leteni daftari.»