Kardinali: cheo au bawaba?

Tangu Mei 2025, makardinali 133 walipomchagua Baba Mtakatifu Leo XIV, tumesikia mara nyingi waamini wakisema kwamba askofu fulani “atapandishwa cheo” awe Kardinali, sawasawa na mkuu wa wilaya anayeteuliwa kuwa mkuu wa mkoa. Neno lenyewe halisemi hivyo.

Linatokana na neno la Kilatini cardo, yaani bawaba: kile chuma kinachoushika mlango kwenye mwimo. Mlango hufunguka na kufungwa, watu huupita, nayo bawaba hubaki mahali pake ikibeba uzito. Zamani walioitwa hivyo walikuwa makleri waliofungamanishwa na Kanisa fulani ili kulihudumia. Kutoka shina hilohilo Sheria ya Kanisa imepata neno inkardinasio, linalomfunga kila padre na shemasi na jimbo au shirika lake. Hivyo paroko wenu, ambaye hakuna amwitaye mkuu, ana fungu lake katika neno hili.

Huko Roma jina liliwakalia mapadre wa makanisa ya mji, mashemasi wake, na maaskofu wa majimbo jirani. Mwaka 1059 Papa Nikolasi II aliwakabidhi nafasi ya kwanza katika kumchagua Papa. Ndiyo maana hata leo Kardinali atokaye mbali hupewa kanisa la Roma, awe kana kwamba ni mmoja wa makleri wa mji ule. Ndivyo ilivyokuwa kwa Laurean Rugambwa, Askofu wa Rutabo, mwaka 1960, na kwa Protase Rugambwa wa Tabora mwaka 2023.

Utukufu ulifuata baadaye. Mwaka 1630 Papa Urbano VIII aliamuru makardinali waitwe kwa neno la Kilatini eminentia, yaani hali ya kuinuka juu ya wengine. Kiswahili kikachagua “Mwadhama”, lenye adhama ndani yake. Hatusemi liachwe, maana heshima ni haki yao. Ila twakiri kwamba limeificha bawaba, nasi tumebaki tukitazama mlango ulivyopakwa rangi.

Rangi nayo ina maana yake. Papa anapomvika Kardinali mpya kofia nyekundu, humweleza kwamba ni ishara ya kuwa tayari kutenda kwa ushujaa, hata kumwaga damu yake, kwa ajili ya imani na amani ya taifa la Mungu.