Seva ya chama ikizima, ushahidi usifutwe

Mkulima wa Gairo anayefika kwenye chama chake cha akiba na mikopo akaambiwa “mtandao unasumbua”, hana la kuuliza zaidi. Husubiri kwenye benchi mpaka fundi azime mashine na kuiwasha tena. Kazi ikiendelea, kila mtu hushukuru na kusahau. Baada ya wiki mbili, tatizo ni lile lile.

Gharama yake si ndogo. Chukua mfano wa mwanachama mwenye magunia 20 ya mahindi, kila gunia kilo 100, aliyetegemea mkopo ili asubiri bei ipande. Mkopo ukikwama wakati ada ya shule inadaiwa, atamuuzia mlanguzi mwenye lori kwenye barabara kuu ya Dodoma. Akipunjwa shilingi 50 tu kwa kilo, amepoteza shilingi 100,000. Hasara hiyo haiingii kwenye vitabu vya chama.

Mara nyingine mtandao hauna kosa. Iliyokufa ni programu ndani ya seva, na programu hiyo huweza kuacha ushahidi. Inapoanguka ghafla, kompyuta inaweza kuhifadhi kwenye faili nakala ya yale yaliyokuwa katika kumbukumbu ya programu hiyo dakika ile. Mafundi huiita kodampu. Fundi akiifungua kwa chombo cha uchunguzi kama GDB, huona programu ilikuwa ikifanya kazi gani, na mara nyingi hata mstari ilipokwama.

Tatizo ni kwamba kwenye seva nyingi za Linux ukubwa unaoruhusiwa wa faili hilo umewekwa sifuri, hivyo hakuna kinachohifadhiwa. Kwingine faili lipo, lakini fundi hajui lilipo, au mashine imelifuta yenyewe baada ya muda. Na bila nakala ya toleo lile lile la programu lililoanguka, kulisoma ni kazi ngumu.

Wapo watakaosema mafaili hayo hujaza diski. Ni kweli, lakini dawa yake ni kuweka kikomo, si kuzuia kabisa. Ni kweli pia kwamba umeme ukikatika, kodampu haipatikani. Hiyo nayo ni habari: chama kitajua kinunue betri, si programu mpya.

Mfugaji ng'ombe akimfia ghafla humwita bwana mifugo kabla ya kuzika. Vyama navyo viandike kwenye mkataba wa fundi mambo matatu: ushahidi uhifadhiwe, usomwe, na bodi ipewe sababu kwa maandishi. Faili hilo lilindwe kama daftari la fedha, kwani huweza kubeba namba za akaunti na hata nywila za wanachama.

Kwenye mkutano mkuu ujao, wanachama wasiishie kuuliza seva imewaka lini. Waulize ilizima kwa nini.