Usiache ngano kabla ya kupimwa

Tangu Umoja wa Mataifa uufanye mwaka 2023 kuwa Mwaka wa Kimataifa wa Mtama, nafaka iliyoitwa chakula cha njaa inauzwa mijini kama dawa ya tumbo. Hapa Singida, ambako mtama na uwele havikuhitaji kutangazwa, wagonjwa wananiambia wameacha ngano kwa sababu "inawajaza gesi".

Kuna ukweli ndani yake. Mtama, uwele na ulezi havina gluteni, ile protini inayoufanya unga wa chapati uvutike. Mwenye ugonjwa wa seliaki, ambaye gluteni humharibu utumbo, anaweza kula nafaka hizi maisha yake yote. Lakini msomaji, kama unaharisha mara kwa mara, unakonda au damu inapungua bila sababu, usiache ngano kabla ya kupimwa. Kipimo cha damu hutafuta kingamwili zinazotengenezwa ukiwa bado unakula gluteni. Ukiiacha kwanza, kinaweza kuonyesha huna kitu, kumbe ugonjwa upo.

Ukithibitika kuwa nao, tatizo linahamia mashineni. Unga wa lishe wakati mwingine huchanganywa na ngano, na mashine iliyotoka kusaga ngano hubaki na unga wake ndani. Kiasi hicho kidogo kinatosha kukuumiza. Nunua mtama mzima, upepete, uoshe, uanike, kisha tafuta mashine isiyosaga ngano kabisa.

Wengi wenu hamna seliaki. Ugali wa mtama mwekundu tu ndio unaowakalia tumboni kama jiwe. Wakulima huupanda kwa kuwa kwelea kwelea hawaupendi, na kinachowafukuza ndege ni ukakasi, uleule unaozuia protini na madini ya chuma yasitumike vizuri mwilini. Ukoboe, au chagua mweupe kama Macia. Uloweke usiku kucha na umwage maji. Kuchachusha uji nako husaidia. Bibi zetu hawakutengeneza togwa kwa ajili ya ladha tu.

Kwa mtoto, kijiko cha kimea huulegeza uji mzito bila kuongeza maji. Tumia cha ulezi, kwa sababu machipukizi ya mtama yana sayanidi. Kama una mtama tu, ukishakauka sugua machipukizi na mizizi yote itoke kabla ya kusaga. Tia kimea uji ukipoa kidogo, na ukishalegea urudishe jikoni uchemke tena.