Ujumbe usomwe kabla ya kupiga Windows
Na Salama Kibwana

Kompyuta ya zamani ikigoma kufungua programu, hukumu hutolewa upesi: imezeeka, ipelekwe kwa fundi ikapigwe Windows upya. Tabia hiyo naipinga. Programu inayogoma mara nyingi huacha ujumbe kwenye skrini, na ujumbe huo ndio ushahidi wa kwanza wa chanzo. Anayepiga Windows bila kuusoma anafuta ushahidi, na asipokuwa mwangalifu anafuta pia picha, barua na hesabu za duka ambazo mwenye mashine hakuzihifadhi kwingine.

Chukua ujumbe unaosema faili la VCRUNTIME140.dll halipo. Hilo halihusiani na uzee hata kidogo. Faili hilo limo katika kifurushi cha Visual C++, ambacho Microsoft hukitoa bure na programu nyingi hukitegemea. Kikisakinishwa, kwa kawaida programu hufunguka. (Kulipakua faili hilo peke yake kwenye tovuti usiyoijua ni kukaribisha virusi.) Ujumbe mwingine huikataa programu kwa kuwa ni ya biti 64 ilhali Windows iliyomo ni ya biti 32, hapo hutafutwa toleo la biti 32, kama lipo. Kisha kuna betri ndogo ya duara iliyo ndani ya mashine, aghalabu CR2032. Ikiisha, tarehe hurudi nyuma miaka mingi kila umeme unapokatika, na kivinjari hukataa kufungua tovuti salama kwa kuwa vyeti vyake huonekana havijaanza kutumika.

Mafundi watajibu kwamba kupiga Windows ni haraka, na mteja anaitaka mashine yake leo. Ni kweli, na mfumo ulioharibiwa vibaya na virusi hauna njia iliyo safi zaidi. Lakini betri iliyokwisha haiponi kwa Windows mpya, na diski mbovu itauharibu mfumo wa pili kama ilivyouharibu wa kwanza. Wengine watasema mashine hizi zitupwe, maana Microsoft iliacha kuihudumia Windows 7 Januari 2020, na Windows 10 Oktoba 2025. Hoja hii ni nzito, hasa kwa anayefanya miamala ya benki. Tangu toleo la 110 la mwaka 2023, Chrome haifanyi kazi kwenye Windows 7, na fundi hana la kufanya. Hata hivyo, mashine hiyohiyo, ikiwa prosesa yake ni ya biti 64, inaweza kubeba Linux Mint, mfumo wa bure unaoanzia RAM ya GB 2. Mwanafunzi wa kuandika na kusoma unamtosha.

Basi programu ikigoma, ipige picha ile skrini kwa simu kabla hujaufunga ujumbe, mpelekee fundi, umtake ataje chanzo kwanza. Akishindwa, asiguse Windows mpaka uwe umenakili mafaili yako kwenye flashi.