Kijana, hiyo simu mbovu si takataka

Hebu fungua droo ya nyumbani kwenu uhesabu. Kuna kabambe iliyokataa kuwaka, chaja zilizokatika waya, pengine na rimoti ya televisheni iliyouzwa kitambo. Siku ya usafi vyote hutiwa kwenye mfuko mmoja na maganda ya viazi, basi, imekwisha.

Tusidanganyane, haijaisha. Ripoti ya Umoja wa Mataifa inasema mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za kielektroniki. Chini ya robo ndizo zilizojulikana kukusanywa na kuchakatwa ipasavyo.

Nyingine huishia majalalani, ambako nyaya huchomwa ili plastiki iyeyuke, shaba ibaki, iuzwe. Anayechoma mara nyingi ni kijana wa rika lako, bila glavu wala barakoa. Pale Agbogbloshie, jijini Accra, Ghana, kazi hiyo ilifanywa miaka na miaka kwa vifaa kuukuu, vingine vikiwa vimetoka Ulaya kama mitumba. Mwaka 2021 serikali ilibomoa eneo hilo, lakini moto ulihamia tu mitaa ya karibu. Manake njaa haibomolewi kwa tingatinga. Na madini ya risasi yanayotoka kwenye vifaa hivyo hudhuru ubongo wa mtoto, awe wa mchomaji au wa jirani.

Je, tuwafukuze vijana hao? La. Wao wanajua jambo tunalolipuuza sisi: kwamba humo ndani mna pesa. Japani ilikusanya simu kuukuu zaidi ya milioni 6 pamoja na vifaa vingine vidogo, ikapata takriban kilo 32 za dhahabu za kutengenezea medali za Olimpiki za Tokyo. Medali walizorudi nazo Eliud Kipchoge na Faith Kipyegon zilitokana na simu za watu. Tofauti ni kwamba kule kazi ilifanywa kiwandani, si kwa kiberiti na tairi.

Hapa Kenya, Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 inawapa watengenezaji na waagizaji wa bidhaa jukumu hata baada ya bidhaa kugeuka taka. Lakini sheria isiyoulizwa hulala. Kwa hivyo ukienda kununua simu mpya, muulize muuzaji: hii ya zamani mtaipokea? Akikuangalia kama umepotea, muulize tena, na rafiki yako naye aulize kesho.

Kabla ya hapo, mpelekee fundi. Huenda ni betri tu. Ikishindikana kabisa, futa picha na jumbe zako, uipeleke kwa wanaochakata taka hizi kwa njia salama. Shuleni au chuoni, anzisheni kisanduku kimoja cha kukusanyia.

Usipofanya hivyo, kuna kijana mwenzako atakayeichoma simu yako, na moshi atauvuta yeye.