Bei ileile, samaki mdogo: Mteja wa mama lishe Musoma amlalamikie nani?

MTEJA anayeingia kwenye banda la mama lishe mjini Musoma saa saba mchana haulizi bei, kwa sababu anaijua. Anachofanya kabla ya kukaa kwenye benchi ni kuchungulia karai na kupima kwa macho samaki waliobaki. Bei ya sahani ya ugali na samaki huweza kukaa muda mrefu bila kuguswa, lakini samaki mwenyewe hubadilika, na wateja wa siku nyingi wamejifunza kuisoma sahani kwa umakini ambao wafanyabiashara wakubwa huutumia kusoma viwango vya kubadilisha fedha.

Katika ripoti za uchumi jambo hilo halionekani. Kwa mbeba mizigo wa Mwigobero, dereva wa bodaboda wa Nyasho au kibarua wa ujenzi wa Bweri, hata hivyo, sahani hiyo ndiyo mlo mkubwa wa siku nzima. Ikipungua mchana, hakuna kinachoifidia mpaka usiku, na kwa baadhi yao usiku wenyewe ni chai na andazi.

Ni vema kwanza ieleweke jinsi bei hiyo inavyopangwa. Mama lishe, au mama ntilie kama wengi wanavyoendelea kumwita, hauzi kwa hesabu ya gharama zake pekee. Anauza kwa hesabu ya fedha iliyomo mfukoni mwa mteja. Kibarua anayelipwa kwa siku ametenga kiasi maalumu cha chakula, na ikiongezwa shilingi mia tano tu atahamia benchi la jirani au atakula mihogo ya kuchemsha. Kwa hiyo mafuta ya kula yalipopanda sana kati ya mwaka 2021 na 2022, na sukari ilipoadimika mwanzoni mwa mwaka 2024, wauzaji wengi hawakuwa na nafasi ya kupandisha bei kwa uwazi. Kilichobaki ni kupunguza kipimo.

Upunguzaji huo una utaratibu wake. Ugali hauguswi, kwa kuwa ndio unaoshibisha, na ukipungua mteja hutambua papo hapo. Mboga za majani hupungua kidogo, na mchuzi huongezwa maji. Samaki ndiye anayebeba mzigo mkubwa: sato aliyekuwa akiwekwa mzima hukatwa vipande viwili, na hapo ndipo linapozaliwa suala la nani apewe upande wa kichwa na nani apewe mkia. Mteja wa kila siku, anayeitwa kwa jina la mtoto wake, hupata kichwa. Mgeni hupata mkia, na kwa kawaida hajui kwamba kulikuwa na uchaguzi.

Ingetarajiwa kwamba huyo wa kila siku ndiye angekuwa na sauti ya kulalamika pale chakula kinapokuwa kibaya. Mara nyingi mambo huwa kinyume, na sababu yake ni daftari. Mabanda mengi hukopesha, na mteja hulipa mwisho wa wiki au siku ya ujira. Mkopo huo ni msaada mkubwa kwa mtu asiye na kipato cha uhakika, na hakuna benki ambayo ingeutoa. Pamoja na hayo, unamfunga mdomo. Mwenye deni hawezi kusema leo samaki amelala, wala hawezi kuhamia benchi la pili kabla hajalipa. Anakula na kunyamaza. Mama lishe naye amefungwa upande wa pili, kwani akimkatalia mdaiwa sahani ya leo, anaweza kulikosa pia deni la wiki iliyopita.

Kwa abiria hali ni tofauti kabisa. Katika stendi ya Bunda, ambako mabasi ya Mwanza, Musoma na Sirari hupita, au Makutano, ambako barabara ya Musoma inachepuka, mteja ana dakika chache na hana kesho. Anapakuliwa chakula huku kondakta akipiga kelele, analipa, anakula nusu na kukimbilia kiti chake. Muuzaji hana sababu ya kibiashara ya kumjali, kwa kuwa hatamwona tena, na abiria hana pa kurudi kuulizia chenji iliyosahaulika. Katika vijiji vya Butiama, kwa mfano kata ya Buswahili iliyo jirani na Mto Mara, muuzaji na mlaji ni majirani, na anayepika vibaya husemwa kisimani kabla jua halijazama. Mgahawa wa kijijini unaweza kuwa na meza moja tu, lakini udhibiti wake wa ubora unaushinda ule wa stendi.

Swali linalofuata ni kwa nini samaki apungue katika mji uliozungukwa na ziwa. Jibu lake linaanzia mbali. Sangara alipandikizwa katika Ziwa Victoria miaka ya 1950 na 1960, akaongezeka mno kufikia miaka ya 1980, na kufuatia hali hiyo viwanda vya kuchakata minofu kwa ajili ya soko la nje vilianzishwa katika miji ya kando ya ziwa, Musoma ikiwamo. Mnofu ukaenda Ulaya. Mifupa na vichwa, maarufu kama mapanki, vikabaki kwa wenyeji. Filamu ya mwaka 2004 ya Hubert Sauper iliyorekodiwa Mwanza, Darwin's Nightmare, ililieleza suala hilo kwa namna iliyomkera Rais Jakaya Kikwete, ambaye aliilaani hadharani mwaka 2006. Ubishi juu ya ukweli wa filamu hiyo ulikuwa mkali, ingawa haukubadilisha kilichomo kwenye karai.

Kuna somo jingine katika biashara hiyo ambalo halizungumzwi sana. Kati ya mwaka 1997 na 1999, Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wa Ziwa Victoria zaidi ya mara moja, safari moja kwa hofu ya kipindupindu, na mwaka 1999 kutokana na taarifa za samaki kuvuliwa kwa sumu. Ili soko lifunguliwe, serikali za Afrika Mashariki zililazimika kuimarisha ukaguzi. Mialo ikawekewa masharti ya usafi, na maabara ya samaki ya Nyegezi, Mwanza, ikawa sehemu ya mnyororo huo. Kwa maneno mengine, mlaji wa Madrid au Roma, ambaye hajawahi kuliona ziwa lenyewe, alilalamika na mwalo ukasafishwa. Mlaji wa Nyasho anakula samaki wa ziwa hilohilo, na malalamiko yake hayavuki benchi.

Serikali ilipoingia kwenye sahani ya mlaji wa ndani, iliingia kwa rula. Kanuni za uvuvi zinataka sato asipungue sentimeta 25 na sangara asipungue sentimeta 50. Juni 2018, wakati wa operesheni dhidi ya uvuvi haramu, maofisa wa uvuvi waliingia katika kantini ya Bunge mjini Dodoma na kupima samaki waliokuwa wakiuzwa kama chakula, jambo lililozua mjadala mkali bungeni. Wabunge walipata siku moja uzoefu ambao mama lishe wa kanda ya ziwa waliufahamu: anayebanwa ni yule mwenye sahani, wakati nyavu ziko ziwani. Hata hivyo ni lazima isemwe kwamba sato mdogo anayekubaliwa leo na mteja kwa sababu ya bei ndiye ambaye mwakani angekuwa sato mkubwa. Mteja analijua hilo. Ila njaa ya saa saba haingoji mwakani.

Suala la maji ni zito zaidi. Katika mabanda mengi mteja hunawa kwa maji ya ndoo au beseni, na sahani husuuzwa katika maji yaliyokwisha kusuuza nyingine kadhaa. Mwaka 2023 Mara ulikuwa miongoni mwa mikoa iliyokumbwa na kipindupindu, na si mara ya kwanza. Ugonjwa huo unapozuka popote nchini, kama ilivyokuwa Dar es Salaam mwaka 2015, hatua inayochukuliwa haraka ni kupiga marufuku uuzaji wa vyakula mitaani. Hatua hiyo inaeleweka kitabibu, lakini humwondoa muuzaji kwa wiki kadhaa na kumrudisha mahali palepale pasipo na bomba wala mtaro. Wakati huohuo, mradi wa Mugango-Kiabakari-Butiama umejengwa kuchukua maji ya ziwa na kuyafikisha vijijini, mbali na ufukwe. Maji yanayoweza kusafirishwa mpaka Butiama hayapaswi kushindwa kufika kwenye mabenchi ya Mwigobero, hatua chache kutoka ziwani.

Halmashauri haziwezi kudai kwamba haziwatambui wauzaji hao. Desemba 2018, Rais John Magufuli aligawa vitambulisho vya wafanyabiashara wadogo kwa shilingi 20,000 kila kimoja, na mama lishe walikuwa miongoni mwa walengwa. Maofisa afya hupita kukagua aproni na vyeti vya kupimwa afya. Yote hayo yanamhusu muuzaji. Kwa upande wa mlaji, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 iliunda Tume ya Ushindani pamoja na chombo cha kumtetea mlaji, na Wakala wa Vipimo hukagua mizani ya muuza nyama. Sahani ya mama lishe haina mizani, na hakuna anayetegemea kwamba kibarua wa Bweri ataiandikia tume barua kuhusu mkia wa samaki.

Mzigo mwingine unakuja. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa Mei 2024, unalenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati hiyo ifikapo mwaka 2034. Lengo ni jema kwa misitu na kwa mapafu ya wapishi. Lakini mtungi wa gesi hununuliwa kwa mkupuo, wakati mkaa hununuliwa kwa kopo, na mama lishe anayejaza mtungi leo atairudisha gharama hiyo kwa njia pekee anayoijua. Hatapandisha bei.

Mteja naye ataendelea kuchungulia karai. Akikuta imebaki mikia mitupu, na kama hadaiwi, atavuka barabara.